Gari na Tela Visimame Sawasawa

Wasomaji wetu wa Kasanda, na wa vijiji vyote vya nchi ya juu ya Buha, toka Kasulu hata Kibondo na Kakonko, bila shaka wamepata kuona jambo hili njiani. Motokaa yavuta tela lililojaa magunia ya mahindi au maharage, na tela lile halikusimama sawa. Ama limeinua mdomo juu kama jogoo atakaye kuwika, ama limeinamisha mdomo chini kama ng'ombe anywaye maji. Watu hutazama, hucheka kidogo, kisha huenda zao. Leo twataka kueleza kwa nini jambo hili si la kuchekwa, na jinsi mtu awezavyo kulitengeneza kwa utepe wa kupimia na chupa ya maji.

Tuanze na jambo ambalo wazee wetu walilijua kabla ya motokaa kufika. Mgonjwa akichukuliwa kwa machela, wachukuzi wa mbele na wa nyuma hutafutwa wa kimo kimoja. Akiwekwa mtu mrefu mbele na mfupi nyuma, mgonjwa huteleza kuelekea kwa yule mfupi, na mfupi huchoka upesi. Wakifika penye mlima, wenye akili hubadilishana: mrefu hukaa upande wa bondeni na mfupi upande wa juu, ili machela ikae sawa. Basi motokaa na tela ni kama wachukuzi wawili hao, na pale wanaposhikana ndipo penye siri yote.

Nyuma ya motokaa pana kulabu. Katika magari mengi kulabu hiyo ina tufe la chuma kichwani. Katika trekta ni chuma kilichotobolewa tundu la kupitishia pini. Mbele ya tela pana mti mrefu wa chuma, nasi katika habari hii tutauita ulimi. Mwisho wa ulimi pana kikombe kinachofunika tufe, au pete inayoshikwa na pini. Ikiwa kimo cha kulabu toka ardhini ni sawa na kimo cha ulimi tela likiwa limelala sawasawa, mambo ni mema. Ikiwa vimo viwili hivyo havikupatana, tela halina budi kuinama upande mmoja.

Je, likiinua mdomo pana hasara gani? Mzigo huvutwa nyuma ya ekseli. Magunia yasiyofungwa huteleza, na maji yaliyomo katika tangi lisilojaa hukimbilia nyuma. Sehemu ya nyuma ya tela ikilemewa, ulimi huwa mwepesi, nao huisukuma kulabu juu badala ya kuilalia. Hapo magurudumu ya nyuma ya motokaa hushika ardhi kwa udhaifu, na tela huanza kuyumba huku na huku kama mkia wa mbwa. Penye mteremko mayumbo hayo huzidi mpaka dereva hana nguvu tena ya kuyazuia.

Na likiinamisha mdomo pia pana hasara. Uzito hulemea nyuma ya motokaa, springi zake hulala, na magurudumu ya mbele huwa mepesi. Dereva akizungusha usukani, motokaa haimtii upesi. Na usiku taa zake humulika matawi ya miti badala ya njia. Tena tela lenye ekseli mbili likiinama, uzito wote huangukia ekseli moja. Tairi zake hupata moto na kupasuka kabla ya wakati wake.

Sisi wenyewe tulisimama siku moja karibu na mteremko mrefu tukayaona haya kwa macho. Ilikuja Land Cruiser, nayo yavuta tela dogo lililoundwa kwa ajili ya motokaa ya chini. Ndani yake mlikuwa na mapipa ya maji yasiyojaa, na juu ya mapipa walikaa vijana wawili. Mdomo wa tela ulikuwa juu sana. Gari lilipoanza kushuka, tela likayumba mara moja, mara mbili. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu, na tela likageuka likaziba njia. Kijana mmoja aliruka akapona. Wa pili alivunjika mguu, na msimu ule wote hakushika jembe. Hatumtaji mwenye gari, maana haja yetu si kumwaibisha mtu. Lakini waliokusanyika pale walisema neno moja tu: "Ajali haina kinga."

Kesho yake tulikwenda pamoja na fundi kupima. Kulabu ya gari ilikuwa sentimita 60 toka ardhini. Ulimi wa tela, lilipolazwa sawasawa, ulikuwa sentimita 43. Tofauti ilikuwa sentimita 17. Basi ajali ile ilikuwa na kinga, na kinga yake ilikuwa kipande cha chuma chenye urefu usiopita kiganja cha mkono.

Twaomba kila mwenye tela afuate mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza, gari liwekwe mahali pa tambarare, upepo wa tairi ukiwa kamili, na ndani yake mwe na watu na mafuta kama katika safari. Gari tupu hukaa juu kuliko gari lenye mzigo, na kipimo chake hudanganya. Kisha pima toka ardhini hata katikati ya tufe, au hata katika chuma kishikacho pini.

Pili, tela nalo liwekwe mahali pa tambarare likiwa na mzigo wake, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Uinue au uushushe ulimi kwa jeki mpaka sakafu ya tela ilale sawa. Asiye na pima maji ya fundi na achukue chupa iliyonyooka, aijaze maji nusu, ailaze juu ya sakafu: maji yakiwa na kina kimoja toka kitako hata shingoni, tela limelala sawa. Ndipo upime toka ardhini hata katikati ya kikombe au pete.

Tatu, toa kipimo kidogo katika kikubwa. Tofauti ya upana wa kidole kimoja au viwili haidhuru. Na ikiwa haiwezekani kupata usawa kamili, ni heri mdomo uiname kidogo kuliko kuinuka.

Nne, uunge tela, kisha upime tena. Nyuma ya gari hushuka kidogo ulimi ukiilalia, na kipimo cha mwisho ndicho cha kuaminiwa.

Tano, upime uzito wa ulimi wenyewe, kwa kuweka kigogo juu ya mizani ya mazao na kuulaza ulimi juu yake, tela likiwa limelala sawa. Uingereza, ambako watu huvuta nyumba zao za magurudumu wakati wa mapumziko, hushauriwa kwamba ulimi ulemee kadiri ya 5 hata 7 katika kila 100 za uzito wa tela zima. Marekani hushauriwa 10 hata 15. Yaani tela la kilo 1,000 liwe na kilo 50 kwa uchache ulimini, wala isipite kadiri aliyoiweka mtengenezaji wa gari. Uzito ukipungua, sogeza magunia mbele kidogo; ukizidi, yarudishe nyuma. Mzigo mzito ukae chini, karibu na ekseli, nao ufungwe usiteleze.

Watu wa Ulaya wameweka sheria ili jambo hili lisitegemee bahati. Kwa motokaa za kawaida, katikati ya tufe huwekwa kati ya milimita 350 na 420 toka ardhini, gari likiwa limejaa. Na tufe lao lina upana wa milimita 50. Lakini magari ya kupita nyikani huruhusiwa kuwa juu zaidi, nayo ndiyo tuliyo nayo huku kwa wingi. Ndiyo sababu tela lililotoka mbali, lililoundwa kwa motokaa ya chini, haliwezi kuungwa na Land Rover au Land Cruiser pasipo kupima. Kadhalika tazama ukubwa wa tufe: kikombe kikubwa juu ya tufe dogo hukaa vizuri penye tambarare, kisha hurukia nje penye shimo la kwanza.

Tofauti ikipatikana, yatengenezwaje? Njia iliyo bora ni bamba nene la chuma lenye matundu, lifungwalo kwa boliti nyuma ya gari, ili kulabu ishushwe au ipandishwe kwa kadiri itakiwayo. Fundi wetu aliishusha kulabu ile sentimita 15. Zile 2 zilizobaki ziliondoka zenyewe gari lilipolemewa. Lakini kulabu isishushwe hata ikagonga ardhi penye makorongo, wala chuma chembamba kisitumike, maana kadiri kulabu ishukavyo ndivyo boliti zizidivyo kulemewa. Tena usikubali tufe lenyewe lichomwe moto na kupindwa; chuma kilichopindwa hivyo hupoteza nguvu zake. Mwisho, ifungwe minyororo miwili ya akiba, ikipishana chini ya ulimi, ili kulabu ikiachia ulimi usichimbe barabara.

Neno moja kwa wenye matrekta, maana kwao hatari ni kubwa kupita yote tuliyoyasema. Tela likikwama matopeni, dereva mwingine hufungua mnyororo katika chuma cha chini na kuufunga juu, penye ekseli au zaidi ya hapo, akidhani atapata nguvu. La! Magurudumu ya nyuma yakishindwa kwenda, nguvu za injini huuinua mwili wa trekta; mbele hupanda, na kufumba na kufumbua trekta humwangukia dereva kwa nyuma. Chuma cha kuvutia kimewekwa chini kwa sababu hiyo, na hapo ndipo pa kufunga siku zote.

Na mwenye mkokoteni wa ng'ombe asidhani hayamhusu. Mzigo ukilemea nyuma, mti huinuka na nira huwakaba ng'ombe koo. Ukilemea mbele mno, huwachubua shingo. Mti ukae sawa nira ikiwa shingoni, na mzigo uzidi mbele kidogo tu.

Twajua watu wataendelea kusema kwamba ajali haina kinga. Zipo zisizo na kinga, nasi hatubishi. Lakini hii ina kinga, nayo huchukua nusu saa kabla ya safari. Wahenga hao hao walisema pia, "Tahadhari kabla ya hatari." Basi aliye na tela na apime leo, kabla mvua hazijaharibu njia, na vijana wasikae juu ya mzigo, hata tela likiwa limelala sawasawa.