Unaenda Dubai Kununua Mzigo? Chunguza Kadi Kwanza

Anayefuata mzigo Dubai huwa ameshapiga hesabu ya nauli, hoteli na bei ya bidhaa kabla hajafika JKIA. Makato ya kadi ndiyo huyasoma akisharudi, kwenye taarifa ya benki.

Tuanze na swali linalokula pesa za wengi. Ukilipa kwa kadi ya Kenya pale Deira, mashine inaweza kukuuliza: dirham au shilingi ya Kenya? Shilingi inavutia, maana ndiyo umezoea. Wewe chagua dirham. Ukichagua shilingi, pesa inabadilishwa papo hapo na wenye mashine, na faida yao imo ndani ya bei. Tuseme dirham 1 ni shilingi 35 na mashine inakupa 37. Kwa mzigo wa dirham 1,000, shilingi 2,000 zimeenda hivyo tu. Na wakati mwingine muuzaji anakubonyezea mwenyewe! Angalia kiasi na sarafu kabla ya kuweka namba ya siri.

ATM nazo zina ujanja huo. Inakuonyesha kiwango cha kubadilisha pesa, kisha inauliza unakubali au unakataa. Kataa bila wasiwasi. Pesa kwa kawaida zitatoka tu, ila benki yako ndiyo itakayobadilisha.

Sasa, kadi gani? Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, dola 1 kwa dirham 3.6725, kwa hivyo kadi ya dola inakupunguzia kubahatisha. Lakini kama pesa zako zote ni shilingi, kumbuka umeshakatwa ulipozinunua hizo dola. Uliza benki mambo matatu: ada ya kujaza, ada ya kutoa ATM ya nje, na asilimia wanayoongeza wakibadilisha sarafu. Akikujibu "ni kidogo tu," omba namba.

Kadi ya mkopo iache kwa hoteli. Hoteli nyingi hushikilia amana ukiingia, na ukiwapa kadi ya akaunti yako, ni pesa zako za mzigo zinazofungiwa, pengine kwa siku kadhaa hata baada ya kutoka. Ila usitoe nayo pesa taslimu, kwa sababu riba kwa kawaida huanza siku hiyo hiyo. Kadi pepe ya kwenye simu ni poa kwa tiketi na malipo ya mtandaoni, lakini huwezi kuiingiza kwenye ATM.

Na taslimu utahitaji, hata ya kupanda abra, ile mashua ya kuvuka Dubai Creek kwa dirham 1. Kama benki inakata, tuseme, shilingi 500 kila ukitoa, kutoa dirham 200 mara tano ni shilingi 2,500. Dirham 1,000 kwa mara moja ni 500. ATM ya huko inaweza kuongeza ada yake pia.

Kabla ya kuondoka, iambie benki ifungue kadi kwa matumizi ya nje, na uwashe romingi kwenye laini yako ya Kenya. Ile SMS yenye namba ya kuthibitisha malipo inakuja kwenye laini hiyo, si kwenye laini utakayonunua uwanja wa ndege.