Kombi Kuukuu na Somo kwa Visiwa Vyetu

NI ajabu kwamba gari lisiloweza kushindana mbio na lolote barabarani bado linapendwa kote duniani. Gari hilo ni kombi la zamani la Volkswagen, lenye uso wa mviringo na injini nyuma, ambalo wenye kusafiri waligeuza chumba cha kulala na jiko kwa pamoja.

Asili yake ni mchoro wa kalamu tu. Mwaka 1947 Ben Pon, mfanyabiashara wa Kiholanzi, alichora sanduku juu ya magurudumu katika daftari lake. Machi 1950 kiwanda cha Wolfsburg, Ujerumani, kikaanza kuliunda, likiwa na nguvu za farasi 25. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ikaanza kulitia vitanda vya kukunjwa na makabati. Wasiomudu hoteli nao wakapata kutembea na watoto wao.

Mvuto wake hasa ni nini? Tunaamini si sura pekee. Injini yake hupozwa kwa upepo. Haina rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka. Fundi mwenye spana na subira huweza kuishusha, akaitengeneza na kuirudisha mwenyewe. Hivyo mwenye gari huwa bwana wa gari lake, si mtumwa wa muuza vipuri.

Hapa ndipo habari hii inapotuhusu sisi wa Unguja na Pemba. Kwa miaka mingi magari yetu ya shamba yenye bodi za mbao yalichukua abiria, samaki na mikungu ya ndizi. Bodi zile zilichongwa na maseremala wetu wenyewe. Ubao ulipooza, ulibadilishwa papo hapo. Katika hewa hii ya chumvi, ambayo haina huruma na bati, hiyo ilikuwa hekima kubwa.

Hatusemi ya kale yote yarudi. Katika kombi, miguu ya dereva ndiyo hutangulia kwenye mgongano, na huko Brazil uundaji wake ulikoma mwaka 2013 kwa kushindwa kutimiza sheria mpya za usalama. Uhai wa abiria hauna mbadala.

Lakini tunawaomba viongozi wenye dhamana ya kununua magari ya umma wajiulize kabla ya kutia saini: likiharibika, nani huko Wete au Makunduchi ataweza kulitengeneza? Gari linalosubiri kifaa kutoka ng'ambo huku likiliwa na kutu ni hasara kwa wananchi, hata likiwa jipya. Aidha, vyuo vya mafunzo ya amali viwaite mafundi wazee wawarithishe vijana ujuzi wao, kabla haujazikwa pamoja nao.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wenzetu wa Ulaya wanautunza wao. Nasi tuutunze wetu.