Sauti ya Runinga Imegeuka Upande? Usikimbilie Fundi

Juzi nilikuwa sebuleni kwa jirani yangu hapa Mombasa tukitazama filamu. Gari likapita kwenye skrini kutoka kushoto kwenda kulia, lakini mlio wake ukaanzia spika ya kulia na kuishia kushoto. Jirani akaniambia fundi amekwisha kuiangalia, yuasema bodi imeungua na ataka shilingi 3,000 kuifungua. Nikamwomba asubiri kidogo.

Msomaji, bodi ikiharibika sauti hukwaruza, hukatika au hupotea kabisa. Sauti ikiwa safi pande zote mbili ila zimebadilishana nafasi, mara nyingi kosa liko kwenye waya.

Kwanza, hakikisha. Mpira na taarifa ya habari havifai, kwani sauti ya mtangazaji hutoka sawa pande zote. Runinga yako ikiwa na intaneti, fungua YouTube utafute video ya kujaribu spika, ile inayotamka "left" kisha "right". Left ni kushoto kwako wewe uliyeketi ukiitazama runinga.

Pili, tafuta kosa liko wapi. Kama limo katika stesheni moja tu, huenda linatoka kwa watangazaji wenyewe, usiguse kitu. Kama limo katika stesheni zote za king'amuzi lakini YouTube iko sawa, kagua waya wa king'amuzi. Kama kila kitu kimegeuka, kagua waya wa kwenda kwenye redio au wufa, pamoja na spika zenyewe.

Tatu, zima umeme, kisha tazama pini. Nyekundu ni ya kulia, nyeupe ni ya kushoto, na ya manjano ni ya picha. Nyaya nyingine huwa na nyeusi mahali pa nyeupe. Kila pini iingie tundu la rangi yake, kotekote.

Hapa ndipo Waswahili wengi hunaswa. Nyuma ya redio tundu na spika huandikwa L na R. Mtu huona L akasoma "kulia". Sivyo! L ni kushoto, R ni kulia. Isitoshe, ukisimama nyuma ya runinga kuunganisha, mkono wako wa kulia uko upande wa kushoto wa mtazamaji.

Pini zikiwa sawa na kosa bado liko, angalia aina ya waya. Kuna ule wenye pini moja nyembamba upande mmoja na pini tatu za rangi upande wa pili. Watengenezaji hawaupangi namna moja, kwa hivyo wa kifaa kimoja huenda usikifae kingine. Waya wa HDMI nao hubeba sauti zote pamoja, hauwezi kugeuza pande. Ukiutumia, kagua spika.

Ikiwa yote yameshindikana, badilisha spika nafasi: ya kushoto iende kulia. Ni dawa halali, mradi vyombo vyote vilikuwa vimegeuka.

Kwa jirani yangu kosa lilikuwa spika. Alipopaka rangi ukuta alizing'oa, akairudisha ya L upande wa kulia. Tulizibadilisha, gari likapita na mlio wake, na shilingi 3,000 zikabaki mfukoni.