Simu na Mzigo wa Moyo kwa Mwenye Maradhi ya Sukari

Maradhi ya sukari yana mizigo miwili. Mmoja ni wa mwili, nao madaktari wanaujua na kuupimia dawa. Wa pili ni wa moyo, na huo aghalabu huachiwa mgonjwa aubebe peke yake. Kila siku hana budi kuhesabu: amekula nini, amemeza dawa saa ngapi, sukari yake imefika wapi. Hapana mapumziko ya Ijumaa wala ya Idi katika hesabu hiyo. Na hapa kwetu Ubaruku, penye mashamba ya mpunga, sahani ya wali ndiyo heshima ya mgeni. Basi mgonjwa akialikwa harusini hukaa baina ya khofu ya kuula na haya ya kuukataa.

Taabu hiyo huzidi Ramadhani. Mwenyezi Mungu amewaruhusu wagonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kulipa hulisha maskini. Hayo yamo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185. Lakini mzee aliyezoea kufunga tangu ujana huiona ruhusa hiyo kuwa ni aibu. Huficha maradhi yake, na pengine huanguka shambani kwa kushukiwa na sukari, hali wanawe hawajui hata kwamba ni mgonjwa.

Mwaka 2014 wenzetu wa Senegal, ambao wengi wao ni Waislamu, walianza kuwapelekea wagonjwa wa sukari ujumbe wa simu kwa ajili ya Ramadhani, Wizara yao ya Afya ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani. Kwetu Tanzania njia hiyo si ngeni: tangu mwaka 2012 waja wazito walipata mashauri kwa simu katika mpango wa Wazazi Nipendeni. Faida yake si elimu peke yake. Mgonjwa hujua kuwa yuko amkumbukaye.

Wala haihitajiwi simu ya thamani. Simu ndogo ya vibonye ina kengele, ikamkumbusha mama dawa yake, na kijana akaacha kumwuliza kila saa, "Mama, umekunywa dawa?" Swali hilo, ingawa ni la mapenzi, huchosha. Mwenye kipimo nyumbani aandike namba zake katika simu amwonyeshe daktari. Namba hizo si hukumu juu ya tabia yake. Sukari hupanda hata kwa homa na kwa fadhaa. Na kuchoma kidole hakuharibu saumu, kwa kauli ya wanavyuoni wengi. Kipimo kikishuka chini ya 3.9, au kikipita 16.6, madaktari wasema afungue papo hapo.

Simu hiyo hiyo, lakini, huleta wauza dawa wanaomwambia mgonjwa aache insulini. Hao wasisikilizwe. Tena simu ya nyumba nzima haina siri; mgonjwa aulizwe kwanza kama aridhia ujumbe wake usomwe na watoto. Na huzuni ikidumu wiki mbili, akakosa usingizi na hamu ya kila kitu, hiyo si kazi ya simu, aambiwe daktari.

Wakati wa kumpeleka kliniki ni Rajabu, si mkesha wa Ramadhani. Madaktari hutaka wiki 6 hadi 8 kabla ya kufunga, ili wapime hatari yake na wapange upya dawa kwa futari na daku.