Mfugaji wa mwatiko, linda vifaranga kabla korongo hajawafikia

HASARA ya mfugaji wa mwatiko kisiwani Unguja huanza mapema, samaki akiwa bado mdogo kama sindano, na mwizi wake haachi alama ila nyayo kwenye tope.

Mwatiko hutaga mayai baharini. Vifaranga, wakiwa na urefu wa sentimita moja hivi, huingia na maji ya bamvua hadi kwenye mikoko. Huko wafugaji huwakusanya kwa chandarua na kuwapeleka mabwawani, kama yale ya Makoba ambako Taasisi ya Sayansi za Bahari ilifanya majaribio miaka ya 1990. Yangeyange na korongo nao husubiri hapo hapo, kwani maji yakitoka vifaranga hunasa kwenye vidimbwi.

Piga hesabu. Tuseme umepandikiza vifaranga 3,000, na korongo wawili wanakula 20 kila mmoja kwa siku. Kwa mwezi wamekwisha 1,200. Aliyetarajia kupeleka sokoni Darajani matenga kumi atapeleka sita, na vibarua waliochimba bwawa wameshalipwa kamili.

Dawa ya kwanza ni kina. Korongo huwinda akiwa amesimama, hivyo bwawa la maji ya magotini ni sahani yake. Chimba kufikia mita moja, na kingo zisiwe za mteremko mrefu. Mnandi hupiga mbizi, huyo kina hakimzuii. Kwa hiyo vifaranga wawekwe kwanza kwenye kidimbwi kidogo kilichofunikwa wavu, wahamishwe wakifika urefu wa kidole. Juu ya bwawa kubwa pitisha kamba za nailoni. Sanamu ya mtu husaidia siku chache tu, ndege si mjinga. Sumu usiguse, itaua na samaki.

Huko Marekani, kwenye mlango wa mto Columbia, ndege wa jamii ya shakwe walikuwa wakila mamilioni ya vifaranga vya samoni vinavyoshuka baharini. Kuanzia 1999 walivutwa wahamie kisiwa kilicho karibu zaidi na bahari, wakapata samaki wengine, na samoni wengi wakapona. Sisi hatuna haja ya kuhamisha korongo. Tumwachie mikoko apate pengine pa kula, na bwawa tulichimbe nyuma yake, kwenye uwanda wa chumvi usio na miti.