Cheti cha Mtunza Miti: Uzoefu Unaohitaji Kupimwa (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kazi za mtunza miti. Leo tunajadili kama kazi hiyo inastahili cheti cha taaluma. Kuanzia Kibaha Maili Moja hadi Maneromango na Chole, wilayani Kisarawe, miembe, mikorosho na minazi imo ndani ya makazi ya watu, na kadiri ujenzi unavyoongezeka ndivyo mapaa na nyaya za umeme zinavyozidi kuingia chini ya matawi. Anayetaka kuvuna miti katika msitu wa hifadhi hudaiwa kibali kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Lakini anayekuja na msumeno wa mnyororo kupogoa mwembe ulioinamia nyumba ni nadra kuulizwa amejifunzia wapi. Naamini pengo hili lina hatari, kwa sababu kosa la mpogoaji halionekani siku ya kazi. Mwenye nyumba huona matawi yamepungua, hulipa na kushukuru. Madhara humfikia miaka kadhaa baadaye.

Ushahidi umo ndani ya mti wenyewe. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti na katika miaka ya 1970 akaeleza jinsi mti unavyokabili jeraha. Mti hauponi kama ngozi ya binadamu: hauwezi kurudishia sehemu iliyooza, bali huizungushia kuta ili uozo usienee, kisha huota mbao mpya kwa nje. Uwezo huo hutegemea sana uvimbe unaozunguka tawi pale linapotoka kwenye shina. Ndiyo maana tawi zito hukatwa kwa hatua tatu: kwanza mkato mfupi kwa chini, mbali kidogo na shina, ili gome lisichanike, pili, mkato wa juu mbele yake, unaoangusha tawi, tatu, kisiki kilichobaki huondolewa nje kidogo ya ule uvimbe. Anayekata sawa na shina ili papendeze huondoa kinga hiyo na kuufungulia uozo njia. Anayekata kilele chote huacha majeraha makubwa, na machipukizi yanayofuata hushikilia kwa udhaifu.

Wapo watakaosema kuwa fundi aliyepogoa miti kwa miaka ishirini hahitaji karatasi. Uzoefu una thamani kubwa, lakini anayerudia kosa asiloliona huzoea kosa hilo. Isitoshe, cheti kizuri hakidharau uzoefu: chama cha kimataifa cha watunza miti, kilichoanzishwa mwaka 1924, hudai kwa kawaida miaka mitatu ya kazi kabla ya mtihani wake, na cheti huhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Wengine wanahofia kuwa gharama zitamfungia nje kijana wa kijijini. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake tunalo: mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, imekwisha kurasimisha ujuzi wa waashi, maseremala na wapishi waliojifunzia kazini, kwa kuwapima na kuwapa vyeti. Mpogoaji naye apimwe akiwa juu ya mti, kwa kamba na msumeno wake. Upimaji wa namna hiyo ndio pia kinga dhidi ya vyeti vya kununuliwa.

Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zinaweza kuanza na miti ya shule, zahanati na kando ya barabara, kwa kutoa kazi hizo kwa waliopimwa, baada ya kuwapa mafundi wa sasa muda wa kutosha kujiandaa. Chuo cha Misitu Olmotonyi na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine vina wataalamu wanaoweza kusaidia kuandaa mtaala. Hapo fundi atakuwa na sababu ya kudai ujira unaolingana na ujuzi wake na hatari anayoibeba, na mwenye nyumba atajua anamlipia nini.

Itaendelea: mtaala wa mpogoaji uwe na masomo gani.