NENO LISILOTUNGIWA SENTENSI BADO SI LAKO

Ndugu msomaji, kujua kulisoma neno ni jambo moja, na kujua kulitumia ni jambo jingine. Leo tuzungumze juu ya hili la pili. Linawahusu watoto wetu wa darasa la tano na kuendelea, na linatuhusu sisi wazazi tuliohitimu kisomo.

Wilaya ya Masasi ina historia katika kazi hii. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha zikachaguliwa wilaya sita zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Zilikuwa Mafia, Ukerewe, Tanga, Kilimanjaro, Upare na Masasi. Wazee wetu walishika chaki, wakazijua herufi.

Lakini maneno mapya hayaishi kuja. Mwaka 2007 korosho ziliingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani. Hapo mkulima wa Masasi na Newala akakutana na karatasi zenye maneno kama mnada, makato, daraja na unyevu. Anamwita mtoto amsomee. Mtoto anasoma vizuri, hakwami hata mara moja. Ukimwuliza, "Maana yake nini?" ananyamaza. Je, hapo karatasi imesomwa? Haijasomwa. Na karatasi ile ni jasho la mwaka mzima.

Mtoto huyu si mjinga. Watoto wengi wa huku huanza kusema kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Kiswahili cha kuombea maji na cha kuchezea mpira wanakijua. Kile cha vitabu na cha karatasi za ofisi wanakikuta shuleni. Wakipewa orodha ya maneno na maana zake, wanakariri. Kesho kutwa wamesahau, kwa sababu maneno yale hawakuyafanyia kazi yoyote.

Dawa yake ni kutunga sentensi. Lakini siyo sentensi yoyote tu. Chukua neno "daraja". Mtoto akiandika, "Nimeona daraja," hana kosa la sarufi. Ila hebu ondoa daraja, weka mbuzi. Sentensi inasimama vilevile! Basi haijatuonyesha kwamba anajua daraja ni kitu gani. Sasa tazama hizi mbili:

"Tulivuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji kwa kupita juu ya daraja."

"Korosho za baba zilinyeshewa na mvua, zikapangwa daraja la pili, akalipwa bei ndogo."

Ya kwanza ni daraja la kupitia, kama Daraja la Umoja kule Mtambaswala lililofunguliwa mwaka 2010. Ya pili ni daraja la ubora. Neno ni lile lile, maana ni mbili. Mtoto anayejua lile la mtoni tu atashangaa daraja limeingiaje ghalani. Maneno yaliyo jirani ndiyo yanayomfafanulia.

Mwalimu darasani, au mzazi nyumbani, anaweza kufuata hatua hizi:

1. Chagua maneno machache. Matano kwa wiki yanatosha. Yawe ya jambo moja, kama vile korosho, maji au afya.

2. Anza na wanachokijua. Waulize kitu hicho kinaitwaje kwa lugha ya nyumbani, na wamekiona wapi. Kisha leta neno la Kiswahili.

3. Andika sentensi yako moja ubaoni. Wasomee, mjadili maana.

4. Kila mmoja atunge ya kwake, juu ya mambo ya kwao. Asinakili yako kwa kubadili jina la mtu tu.

5. Fanyeni jaribio la kufunika neno. Mwenzake asome sentensi huku neno limefunikwa. Akilibahatisha, sentensi imebeba maana. Akishindwa, iongezwe maneno: kwa nini, wapi, ikawaje?

6. Sahihisha maana kwanza, tahajia baadaye. Ukianza na kalamu nyekundu kwenye kila herufi, mtoto ataogopa kuandika.

7. Wiki ijayo rudieni maneno yale yale kwa sentensi mpya. Neno lililotumiwa mara moja husahaulika.

Msisahau pia ukoo wa maneno. Kutoka "kata" tunapata katwa, katiwa na makato. Makato ni fedha zinazopunguzwa kabla mkulima hajalipwa. Lakini angalieni: "mkataba" si wa ukoo huo, ingawa sauti zinafanana. Mkataba ni mapatano, nalo ni neno lenye asili ya Kiarabu, jamaa ya "kitabu". Mtoto akidhani mkataba ni kukatwa fedha, atamfafanulia mzazi mambo mengine kabisa.

Nawe mhitimu wa kisomo, usiseme haya ni ya watoto. Uwe na daftari. Ukikuta neno geni kwenye karatasi ya chama cha msingi au kwenye kadi ya kliniki, liulizie, kisha litungie sentensi ya maisha yako mwenyewe. Na kama hujalielewa neno, usiharakishe kutia sahihi chini yake. Kuuliza si aibu.

ZOEZI: Tunga sentensi moja moja kwa maneno haya: ghala, mnada, unyevu, makato. Funika neno, umpe mwanao au jirani asome. Akilibahatisha, hongera, neno hilo limekuwa lako. Akishindwa, msicheke. Kaeni pamoja, muiandike upya.